Kivuli cha dirisha kinapangwa mbele ya fondasio

Sisi watu wa Katanga tunajua kujenga kidogo kidogo. Mwezi huu matofali, mwezi ujao mifuko mitano ya simenti, prime ya mwisho wa mwaka inaleta manjanja, na kisha miaka miwili ao mitatu ile nyumba ya vyumba viwili ya cité inakuwa na anexi: chumba cha papa na mama, salon ya kupanua, ao studio ndogo ya kukodesha. Ni kazi ya kustahili heshima. Lakini kuna kitu kimoja ambacho anexi mingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zinakosaka, na si juu ya ukosefu wa makuta. Zinakosaka kivuli ku madirisha.

Wazo langu niliseme wazi tangu mwanzo: kivuli cha dirisha si kitu cha mwisho, cha kuwaza siku ile mama anaenda soko kununua rido. Kivuli ni kazi ya masoni na ya sharpantie. Kinapangwa siku ya kutrase, mbele ya kuchimba fondasio. Siku ile bei yake ni kidogo, na mara ingine ni bure kabisa. Nyuma ya plafo na rangi, bei inapanda, na mara mingi haiwezekani tena. Na kwa jamaa ya mutu wa mine, jambo hili si la urembo. Ni jambo la usingizi.

Usingizi wa mutu wa poste ya usiku

Mine hailale. Kuna poste ya muchana na poste ya usiku, na kila mutu anapita ku zamu yake. Papa anayeongoza benne usiku muzima anarudia ku nyumba asubui, anaoga, anakula kidogo, analala. Kule inje jua linapanda. Ikiwa chumba chake kiko upande wa mashariki, jua linamukuta ku kitanda mara moja, mbele hata usingizi haujamushika muzuri. Ikiwa kiko upande wa mangaribi, analala vizuri mupaka saa saba ao saa nane ya muchana, kisha chumba kinakuwa sawa tanuru ya matofali. Anaamuka na jasho, anageuka, anaomba maji, anagombana na watoto wanaocheza ku barza. Mangaribi anavaa bote na kaske, anarudia ku kazi na usingizi wa nusu.

Kila mutu wa kazi anajua maana ya usingizi wa nusu. Ku formation ya usalama wanatufundishaka juu ya kaske, giletu, miwani, mukanda wa gari. Wanatuambiaka pia tusije ku kazi na uchovu. Vizuri. Lakini uchovu hauanzie ku mulango wa mine. Mara mingi unaanzia mu chumba cha kulala, ku dirisha moja la metre moja na nusu lililofunguliwa mbele ya jua la saa nane. Mutu anayesinzia ku volani ya gari la tani mia hana nafasi ya kusema "pardon".

Juu ya ile tunaonaka kila kitu: karto zimefungwa ku vioo, plastiki nyeusi, papie ya aluminium, blanketi la zamani limepigwa misumari. Pita mu kartie yoyote ambamo watu wa mine wanaishi, utahesabu. Ile yote ni watu wanaotafuta kivuli nyuma, kisha nyumba kumalizika. Na yote inakaa upande mubaya wa kioo.

Ginsi gani joto linaingiaka

Tuelewane hapa, juu watu wengi wanawaza kama rido nzito inatosha. Jua likipita mu kioo, linagusa kitu kilicho ndani: pave, kitanda, ao ile rido yenyewe. Kitu kile kinapata moto, kisha kinautoa pole pole mu chumba. Lakini ule moto hauwezi kurudia inje kwa njia ya kioo sawa vile mwangaza ulivyoingia. Kioo kinaacha mwangaza kupita, kinafunga mulango kwa joto. Fikiri gari ililoachwa ku jua na vioo vimefungwa: ni kitu kimoja. Basi rido inazuia mwangaza kufika ku macho, ni kweli, na kwa usingizi ile inasaidia. Lakini joto limekwisha ingia, liko katikati ya kioo na rido, na litashuka mu chumba.

Kivuli chenye faida ni kile kinachosimamisha jua inje, mbele haligusi kioo. Paa inayotoka mbele ya ukuta, barza, klaustra, muti, ao mukeka wa matete uliotundikwa inje: vyote vinafanya kazi hiyo. Na ona vizuri: karibu vyote ni sehemu ya nyumba. Haviuzwe mu magazini ya rido.

Jua la kwetu lina njia yake

Watu wengi wanajenga sawa vile jua linatoka popote. Hapana. Jua la Katanga lina njia, na njia ile inajulikana. Simama mu parseli yako, mukono wa kuume uangalie kule jua linatokea. Uso wako unaangalia nord, mugongo unaangalia sud, na mukono wa kushoto unaonyesha kule jua linaangukia. Fanya ile mbele ya kuita masoni.

Lubumbashi iko karibu degre 12 sud ya ikweta, na Kolwezi iko karibu degre 11. Maana yake ni hii: mu mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi, jua la muchana linapita upande wa nord, chini kidogo. Mu mwezi wa kumi na mbili linapita upande wa sud, lakini juu sana. Na karibu na mwisho wa mwezi wa kumi, jua la saa sita linasimama juu ya kichwa kabisa. Kivuli cha mutu kinakuwa mu miguu yake. Na mwezi wa kumi njo mwezi wetu wa joto kali, mbele mvua haijashika vizuri.

Sasa, angalia faida. Ukuta unaoangalia nord na ule unaoangalia sud haziteswe sana na jua mu mwezi wa kumi, juu jua liko juu ya paa. Kwa madirisha ya pande hizo mbili, paa inayotoka sentimetre 60 mbele ya ukuta inatosha. Saa sita ya muchana, kutoka mwezi wa tisa mupaka mwezi wa pili, kivuli cha ile paa kinashuka kupita chini ya dirisha. Na mu mwezi wa sita, wakati baridi inatuuma asubui, jua la nord liko chini: kivuli cha paa ile kinashuka karibu sentimetre 85 tu, na jua kidogo linaingia kuwapasha watoto moto. Nyumba inafunga mulango wakati wa joto, inafungua wakati wa baridi, na hakuna mutu anayegusa kitu.

Adui njo ukuta wa mangaribi. Saa kumi ya mangaribi, ile tunaitaka seize heures, mu mwezi wa kumi jua limeshuka mupaka degre 30 hivi. Paa ya sentimetre 60 inatupa kivuli cha sentimetre 35 tu ku ukuta. Kivuli kile hakifike hata ku lento. Dirisha lote liko ku jua. Barza ya metre mbili inatupa kivuli cha zaidi ya metre moja, na ikiwa ukingo wake umeshuka vizuri, dirisha lote liko ndani ya kivuli. Saa kumi na moja jua linashuka tena, na hata ile barza inakuwa fupi. Kwa ile saa ya mwisho, kitu kilichosimama njo kinasaidia: klaustra, mukeka, marakuja iliyopanda ku nyaya, ao muti.

Kwa hiyo neno la kwanza la mupango halina bei: usiweke chumba cha kulala cha mutu wa poste ya usiku ku mangaribi ikiwa parseli inakupa njia ingine. Upande wa sud ni muzuri kwake. Ku mangaribi weka kile ambacho hakina lazima ya dirisha kubwa: duche, depo, ngazi, kifuko cha kuweka vyombo vya mama. Chumba kinachotumika kidogo kinakuwa ukuta wa pili, kinakinga vile vingine. Masoni hatakuomba hata franga moja zaidi juu ya kugeuza kartasi. Lakini fondasio ikikwisha kumwagwa, kartasi haigeuke tena.

Vitu vitano vinavyofungwa mapema

Najua jibu la watu: "Tutajenga kwanza, kivuli tutaongeza kisha." Haya ndiyo makosa ambayo yanakula makuta. Nitaonyesha vitu vitano ambavyo, vikikwisha kufanyika, vinafunga njia.

Cha kwanza ni urefu wa manjanja na wa mashevro. Tuseme anexi yako ina ukuta wa metre tano. Paa kutoka sentimetre 60 mbele ya ule ukuta ni metre karé tatu za manjanja, na mashevro kurefuka kidogo. Siku ya kununua, unachagua urefu unaofaa, imekwisha. Lakini ikiwa sharpantie amekata mashevro sawa sawa na ukuta, kurefusha kisha ni kuondoa manjanja, kuunga mbao, kutoboa matundu mapya. Paa iliyotobolewa mara mbili inajua njia ya mvua.

Cha pili ni fero. Kama unataka kivuli cha beto juu ya dirisha, ao fero za kubeba barza, zinalazwa mu shenaji wakati beto ingali maji. Kisha kukauka utatoboa, utavunja ukuta, na kile utakachofunga pale hakitakuwa na nguvu sawa. Pepo za mwanzo wa mvua tunazijua. Zinachukuaka paa nzima. Kivuli kilichobandikwa ni chakula chake cha kwanza.

Cha tatu ni antivole. Hapa njo watu wengi wanakwamia. Sudere anafunga antivole sawa sawa na uso wa ukuta, upande wa inje, na shasi inafungukia inje pia ao inabaki nako za vioo. Siku unataka milango ya mbao ya kufunga dirisha inje, hakuna nafasi: fero inazuia. Kama ungewaza mapema, antivole ingewekwa ndani ya unene wa ukuta, shasi ingefungukia ndani, na milango ya mbao ingekuwa na njia yake. Ni fero ile ile, sudere yule yule, bei ile ile. Tofauti ni neno moja lililosemwa siku ya kupima.

Cha ine ni mupaka wa parseli. Tunapenda kupanua mupaka mwisho, tunabandika ukuta ku ukuta wa jirani. Kisha paa ikitoka sentimetre 60, inaingia kwake, maji ya mvua yanaangukia mu lupango lwake, na kesi inafika ku shefu wa kartie. Basi mutu anakata paa, anabaki bila kivuli. Rudisha ukuta nyuma tangu kutrase, acha njia ya metre moja na zaidi. Utapoteza metre moja ya chumba, lakini utapata kivuli, hewa, njia ya kupita, na jirani anayekusalimia.

Cha tano ni muti. Muti haununuliwi ku kinkayeri. Muembe ao avoka unaopandwa siku ya kutrase utakuwa na kivuli cha kweli wakati unamaliza kulipa deni za anexi. Upande siku ya kuingia mu nyumba, na utangojea tena miaka. Uupande upande wa mangaribi, metre tano ao zaidi kutoka ku ukuta, juu ya mizizi na majani. Na mu miji yetu ambamo makala yamekula pori la pembeni, muti mu parseli ni kitu cha kulinda.

Mode ya paa iliyofichwa

Sasa niseme neno ambalo halitafurahisha kila mutu. Mu hii miaka ya mwisho kumeingia mode ya nyumba zinazoitwa za kisasa: fasadi laini sawa sanduku, ukuta unaopanda juu na kuficha manjanja, hakuna kitu kinachotoka mbele, na vioo vikubwa vya aluminium vinavyoteleza. Watu wanaonyesha masoni picha mu telefone: "Nataka paka hii." Ni nzuri kuangalia. Lakini mingi ya zile picha zinatoka inchi ambamo jua linatafutwa, ambamo watu wanalipa kwa kuliingiza mu nyumba mwaka karibu muzima, ao ambamo umeme wa klima haukatike. Sisi tuna jua hata lile hatuhitaji, na umeme wetu tunaujua. Klima bila umeme ni sanduku jeupe ku ukuta. Vantilateri bila umeme haigeuke. Na mutu wa poste ya usiku analala muchana, saa ile ile delestaji inaweza kupita.

Wazee wetu walikuwa na hekima ingine. Nyumba ya nyasi mu mugini, paa yake inashuka chini mupaka mutu anainama kwa kuingia. Ukuta hauonje jua wala mvua. Payoti ambamo wanaume wanazungumuzia ni kivuli kitupu. Hata wazungu, walipoanza kujenga Elisabethville mwaka 1910, walielewa upesi: angalia nyumba za zamani za katikati ya Lubumbashi, na barza zao pana zenye nguzo, na paa zinazotoka mbali. Hawakufanya vile juu ya urembo tu. Hakukuwa klima. Kivuli kilikuwa klima yao. Wakati kampuni zilijengea wafanyakazi makambi, nyumba zikawa ndogo, na barza ikawa ndogo pamoja nazo. Leo sisi wenyewe ndio tunapanua, na tunaweza kuchagua. Ajabu ni kuona mutu akibomoa barza ya zamani ili apate salon kubwa, kisha akitafuta dolari za kununua klima.

Simwambie mutu aache uzuri. Paa inaweza kufichwa upande wa barabara, na kutoka upande wa mangaribi. Klaustra ikipangwa na mikono mizuri inapendeza kupita kioo. Kivuli cha beto juu ya dirisha, kikipigwa rangi, kinapa fasadi uso. Kinachofaa ni kuchagua picha ambayo inajua kwetu jua linaangukia wapi.

Maneno yanayopinga

Kuna wanaosema: "Paa ikitoka sana, nyumba itakuwa na giza, watoto watajifunza namna gani?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba mwangaza na jua si kitu kimoja. Dirisha la nord ao la sud lililo chini ya kivuli linapata mwangaza wa mbingu muchana kutwa, na mutoto anasoma kitabu bila kufinya macho. Dirisha la mangaribi lisilo na kivuli, lile lenye plastiki nyeusi, njo linaleta giza la kweli. Paka rangi nyeupe ku ukuta wa ndani na ku plafo, mwangaza utaenea.

Wengine wanasema: "Klaustra na barza vinaficha mwizi." Hiyo pia ni haki. Basi barza iwe wazi upande ambao jirani wanaona, na klaustra iwe na matundu ambayo mutu wa ndani anaona inje. Antivole inabaki. Usalama na kivuli havigombane, ikiwa vinapangwa siku moja na masoni na sudere wakiwa pamoja mbele ya kartasi.

Na kuna wale wanaosema makuta haitoshi. Kwao ninasema: anza na vile ambavyo havina bei. Kugeuza chumba, kupunguza dirisha la mangaribi, kupanda muti, kusogeza ukuta kutoka mupaka: vinne hivi haviongeze mufuko hata moja wa simenti. Dirisha dogo linapunguza hata kioo na antivole. Kisha ongeza sentimetre 60 za paa. Kisha, makuta ikibaki, barza. Na mujue kwamba ile paa haifanye kazi moja tu: kutoka mwezi wa kumi na moja mupaka mwezi wa tatu inakinga ukuta na mvua, rangi inadumu, na matofali ya chini hayanywe maji. Ukilipa kivuli, umelipa pia koti la mvua la nyumba.

Ninaongeza neno kwa mama wa nyumba, juu mara mingi yeye njo anabaki ku parseli muchana, yeye njo anaona jua likitembea ku ukuta wakati papa ako mu mine. Mama anajua saa gani chumba kinawaka, wapi mutoto anatoka na kipele cha joto, wapi chakula kinaoza upesi. Usiku, chumba kilichokula jua muchana kutwa kinaendelea kutoa moto. Watoto wanasukuma mustikere juu ya joto, na mbu wanajua kazi yao. Basi siku ya kuongea na masoni, mama asibaki ku jiko. Akae mbele ya kartasi. Maneno yake yana bei kupita picha ya telefone.

Kwa wale wanaojenga kwa ajili yetu

Si kila mutu anajijengea. Kuna kampuni zinazojenga makambi ya wafanyakazi, na kuna nyumba zinazojengwa kwa watu wa migini wanaohamishwa juu ya mine. Code minier, kama ilivyopitiwa upya mwaka 2018, inataka kila mwenye haki ya kuchimbula apatane na jamii za pembeni juu ya cahier des charges. Mu ile mikutano watu wanaongea shule, maji, njia, hospitali. Ni vizuri. Lakini wakati wa kuongea nyumba, mutu asimame aulize: madirisha yanaangalia wapi? Paa inatoka sentimetre ngapi? Kuna barza? Ni maswali matatu, na jibu lake liko ku plani, mbele ya tofali la kwanza. Nyumba mia zikikwisha kupangwa zote sawa, uso ku mangaribi, hakuna mukutano utakaozigeuza.

Na sendika pia. Tunasikia wanagombania usafiri, chakula, mushahara. Wanagombania muda wa kupumuzika. Wagombanie basi pia mahali pa kupumuzikia. Mufanyakazi wa usiku anayelazwa mu chumba cha manjanja bila plafo, na dirisha ku jua, amepewa saa za kulala ku kartasi tu.

Kwa yule ambaye tayari amejenga, si mwisho wa yote. Tundika mukeka wa matete inje ya kioo, sentimetre kumi mbali ili hewa ipite. Utaona tofauti siku ile ile. Panda marakuja ku nyaya. Hamisha kitanda cha mutu wa usiku mu chumba cha sud na watoto waende mu kile kingine, wao wanalala usiku. Lakini kwa yule ambaye bado anakusanya matofali, muda ungali wake. Jumapili moja, kutoka saa nane mupaka saa kumi na mbili, akae mu parseli na vijiti vinne na kamba. Apige vijiti kule anawaza chumba kitakuwa, aangalie jua likishuka, aone ukuta gani utaungua. Kisha, Jumatatu, aite masoni.